Alama Bila Sababu: Uhakiki wa Michezo ya Video na Mila ya Hukumu katika Meru na Embu

1. Utangulizi

Mchezo wa video unapotolewa sokoni huhukumiwa kwa tarakimu kabla ya kuhukumiwa kwa maneno. Jarida moja huupa nane juu ya kumi, jingine themanini na tano juu ya mia, na msomaji mwenye haraka huishia hapo. Katika uhakiki wa fasihi, desturi hii ni ngeni. Mhakiki wa riwaya ya Kiswahili hajitokezi kuipa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) alama sabini kisha akaenda zake. Akifanya hivyo ataulizwa ametumia mizani gani, mizani hiyo ameitoa wapi, na sabini hiyo inamfunza nini mtu ambaye hajaisoma riwaya yenyewe.

Makala haya yanaliuliza swali hilohilo kuhusu michezo ya video, na yanaliuliza kutoka Meru na Embu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Mahali hapa pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, pako mbali na afisi zinakotolewa alama hizo, hivyo panadhihirisha kile ambacho alama huacha nje. Pili, pana mila ndefu ya kuhukumu mashindano hadharani: vitendawili, masimulizi ya majaribu na, katika zama za shule, tamasha za drama. Hoja inayotetewa ni kwamba tarakimu si kosa kwa kuwa ni tarakimu. Kosa hutokea inapotengwa na sababu zake na mahali pa utendaji, kwa kuwa hapo hugeuka kuwa amri.

Inafaa kutofautisha mambo mawili tangu mwanzo. Kuna viwango vya umri, ambavyo kazi yake ni kulinda watoto. Nchini Marekani mfumo wa ESRB ulianzishwa mwaka 1994, baada ya vikao vya Seneti vya mwaka 1993 kuhusu michezo kama Mortal Kombat, na Ulaya ikapata mfumo wa PEGI mwaka 2003. Nchini Kenya, Bodi ya Uainishaji wa Filamu hufanya kazi ya namna hiyo kwa filamu chini ya Sura ya 222 ya Sheria za Kenya. Viwango hivyo si mada ya makala haya. Kinachochunguzwa hapa ni alama ya mhakiki, yaani ile inayodai kusema kama kazi ni nzuri au mbaya.

2. Alama na Mamlaka Yake

Historia ya alama hizi si ndefu. Jarida la Famitsu la Japani, lililoanza mwaka 1986, lilizoesha wasomaji utaratibu wa wahakiki wanne, kila mmoja akitoa alama juu ya kumi, na jumla yao ikawa juu ya arobaini. Utaratibu huo ulikuwa na jambo moja la kupongezwa: msomaji aliwaona wahakiki wanne wakitofautiana. Mmoja akitoa tisa na mwingine sita, tofauti yenyewe ilikuwa habari.

Mwaka 2001 ulizinduliwa mtandao wa Metacritic, ambao hukusanya alama za wahakiki wengi na kuzigeuza kuwa wastani mmoja juu ya mia. Hapa mambo mawili yalibadilika. La kwanza ni kwamba tofauti za maoni zilimezwa na wastani. La pili ni kwamba baadhi ya vyombo hupewa uzito mkubwa kuliko vingine katika hesabu hiyo, na uzito huo hautangazwi. Msomaji basi anapewa hukumu ambayo haiwezi kujibiwa, kwa kuwa hajui imefikiwaje.

Athari ya hukumu hiyo ilidhihirika katika kisa cha Fallout: New Vegas, mchezo uliotolewa mwaka 2010 na kubuniwa na kampuni ya Obsidian kwa niaba ya kampuni ya Bethesda. Mwaka 2012 Chris Avellone, mmoja wa wabunifu wake, alieleza hadharani kwamba Obsidian ingepata bahashishi iwapo mchezo ungefikisha 85 katika Metacritic. Mchezo ulipata 84. Tofauti ya alama moja, ambayo hakuna mhakiki hata mmoja aliyeikusudia, iliamua malipo ya watu waliofanya kazi. Hakuna sentensi ya uhakiki inayoweza kunukuliwa ili kueleza alama hiyo moja ilipotea kwa kosa gani. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba tarakimu iliyotengwa na sababu huwa amri.

Si wahakiki wote walioridhika. Mtandao wa Eurogamer wa Uingereza uliacha alama juu ya kumi mwaka 2015 na kutumia maneno machache ya mapendekezo badala yake. Hata hivyo, mwaka 2023 uliirudisha tarakimu kwa sura ya nyota tano. Kurudi huko kunaonyesha kwamba alama inatimiza haja fulani ya wasomaji, na haja hiyo itazingatiwa katika sehemu ya tano.

3. Kibanda kama Uwanja wa Utendaji

Alama ya mhakiki imejengwa juu ya picha ya mchezaji fulani. Mchezaji huyo yuko nyumbani kwake, ana mashine yake, amenunua nakala mpya, na anacheza peke yake au na mwenziwe. Swali analouliza ni la mnunuzi: je, fedha zangu zitakuwa zimetumika vyema? Kwa mchezo wa kandanda unaotolewa kila mwaka, swali hilo huwa finyu zaidi: toleo la mwaka huu limeongeza nini juu ya la mwaka jana? Mfululizo wa FIFA, ulioanza mwaka 1993 na kubadilishwa jina kuwa EA Sports FC mwaka 2023, umehukumiwa hivyo mwaka baada ya mwaka.

Katika miji ya Meru, Nkubu, Chuka, Runyenjes na Embu, picha hiyo haitoshi. Vijana wengi hukutana na mchezo wa video katika kibanda au chumba cha kukodi, penye runinga na mashine ya PlayStation, na hulipa kwa mechi au kwa muda. Toleo linalochezwa huenda likawa la miaka kadhaa iliyopita. Wawili hushika pedi, na wengine huketi au kusimama nyuma yao wakingoja zamu. Anayeshindwa mara nyingi humwachia mwingine nafasi. Wanaongoja hawanyamazi: hutoa maoni, hukebehi, husifu, hutabiri, na huchukua kazi ya mtangazaji kwa Kimeru, Kiembu, Kiswahili na Sheng, huku sauti ya Kiingereza ya mashine ikiendelea bila kusikilizwa.

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walieleza sanaa za maonyesho kwa mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Kwa kipimo hicho, kinachofanyika kibandani ni sanaa ya maonyesho kamili. Dhana inayotendeka ni mechi. Watendaji ni wenye pedi. Uwanja ni chumba pamoja na kioo cha runinga. Watazamaji wapo, na tena ni watazamaji wanaoshiriki. Alama iliyotolewa na mhakiki aliyecheza peke yake haiwezi kuhukumu tukio hili, kama vile mtu aliyesoma maandishi ya ngano hawezi kudai kwamba amehukumu usimulizi wake.

Tofauti hii hubadilisha vigezo. Kibandani, swali la nyongeza za mwaka huu halina uzito mkubwa. Yanayoulizwa ni mengine. Je, mwenye timu dhaifu anaweza kumshinda mwenye timu kubwa kwa ujuzi, au mashine imekwisha kuamua? Je, mechi ni fupi ya kutosha kwa wanaongoja, na ndefu ya kutosha kwa aliyelipa? Je, bao linaonekana wazi kwa aliyesimama mlangoni? Je, pana nafasi ya mbinu inayoweza kutajirika kwa jina la mtu, hata wengine wakasema kwamba bao hilo ni la fulani? Zaidi ya hayo, ligi ya Kenya haikuwahi kuwemo katika mfululizo wa FIFA. Kijana wa Maua anayetaka kucheza na timu ya nchi yake hulazimika kuchagua klabu ya Uingereza au Uhispania. Pengo hilo halina safu katika mizani ya kawaida ya wahakiki, hivyo halimpunguzii mtengenezaji hata nusu alama.

Hans Robert Jauss, katika nadharia yake ya upokezi, alisisitiza kwamba kazi hupokelewa ndani ya upeo wa matarajio ya wasomaji wake. Wastani wa mia moja hudhani kwamba upeo huo ni mmoja duniani kote. Kibanda kinaonyesha kwamba sivyo.

4. Mila Tatu za Hukumu

Inaweza kudhaniwa kwamba mahali pasipo na majarida ya michezo hapana uhakiki wa michezo. Dhana hiyo haina msingi. Fasihi simulizi ya eneo hili, ambayo kwa upande wa Waembu na Wambeere imeshughulikiwa na Ciarunji Chesaina katika kitabu chake cha mwaka 1997, imejaa mashindano, na palipo na mashindano pana hukumu.

Mfano wa kwanza ni kitendawili, utanzu unaopatikana kotekote Afrika Mashariki. Katika utaratibu wa Kiswahili, anayeshindwa kutegua hudaiwa mji. Mji ni alama: huonyesha nani ameshinda na nani ameshindwa. Lakini mji hautolewi bure. Mtegaji akiisha kuupokea analazimika kutoa jibu, na jibu lenyewe hupimwa na hadhira. Likiwa la kulazimishwa, watu hulikataa. Kwa hiyo alama na sababu hubadilishana mkono kwa mkono, na hakuna anayechukua mji akaondoka na jibu mfukoni.

Mfano wa pili ni masimulizi ya asili ya Wameru. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, yaliyorekodiwa na watafiti kadhaa akiwemo Jeffrey Fadiman katika kitabu cha mwaka 1993, mababu waliishi mahali palipoitwa Mbwaa, ambapo baadhi ya watafiti wamepahusisha na kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Huko walitawaliwa na watu wa nguo nyekundu, waliowapa majaribu yasiyowezekana. Masimulizi hutofautiana katika orodha ya majaribu, lakini hujulikana sana lile la kukitoa kitu ndani ya shimo refu, ambalo lilitatuliwa kwa kumimina maji mpaka kitu kikaelea. Lile la kutengeneza ndara yenye manyoya juu na chini, iliyopatikana kwa ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Na lile la mkuki unaofika mbinguni, ambalo halikuwa na ufumbuzi ila kutoroka.

Mtu anayelisoma simulizi hili kwa jicho la michezo ya video atatambua umbo lake mara moja: ni mfululizo wa viwango, kila kimoja kigumu kuliko kilichotangulia. Jambo la kuzingatia ni nani anayehukumu. Watawala wa Mbwaa hawatoi sababu. Jaribu likishindwa na watu, ni adhabu; likishinda watu, ni jaribu jingine. Kizingiti husogezwa na mwenye nguvu. Hadhira ya simulizi, kwa upande wake, haihesabu majaribu mangapi yalifuzwa. Huuliza walifikirije, na hufurahia maji yaliyomiminwa shimoni kwa sababu ni hoja iliyogeuzwa kuwa tendo. Simulizi limehifadhi hukumu mbili kwa pamoja, ya mtawala na ya msikilizaji, na limeweka wazi ni ipi iliyo bora. Kizingiti cha 85 kilichowakosesha watu bahashishi ni cha aina ya kwanza.

Mfano wa tatu ni tamasha za drama za shule na vyuo, ambazo katika Kenya zilianza mwaka 1959. Katika Meru na Embu, kama kwingineko nchini, michezo ya kuigiza, mashairi, masimulizi na ngoma bunifu hupanda kutoka ngazi za chini hadi kaunti, kisha mkoa, kisha taifa. Majaji hutoa alama, na alama ndizo zinazoamua nani aendelee. Hata hivyo, kabla ya matokeo, jaji husimama mbele ya walimu na wanafunzi akaeleza alichokiona: sauti iliyozama, jukwaa lililotumiwa upande mmoja tu, mgogoro uliotatuliwa kabla haujakomaa. Kundi linalosonga mbele hurudi nyumbani na maneno hayo na kuirekebisha kazi. Uhakiki wa namna hii huingia ndani ya kazi yenyewe. Wastani wa Metacritic hubaki nje ukisubiriwa.

Haimaanishi kwamba tamasha hizo hazina kasoro. Manung'uniko kuhusu matokeo ni ya kila mwaka, na mamlaka ya nje ya sanaa huweza kuingilia. Mwaka 2013 mchezo wa Shackles of Doom wa Shule ya Wasichana ya Butere ulizuiwa kuonyeshwa katika tamasha ya taifa, na Mahakama Kuu ikaliondoa zuio hilo. Lakini kisa hicho kinathibitisha hoja ya makala haya badala ya kuipinga. Katika mila ambamo hukumu hutarajiwa kuwa na sababu, hukumu isiyoridhisha huweza kudaiwa maelezo, hata mbele ya mahakama. Wastani uliokokotolewa kwa uzito usiotangazwa haushitakiki popote.

5. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la matumizi. Inaweza kusemwa kwamba kijana wa Embu mwenye fedha kidogo ndiye hasa anayehitaji tarakimu, kwa kuwa hana uwezo wa kununua mchezo mbaya, na mwenye kibanda anayenunua nakala moja kwa ajili ya wateja wengi anaihitaji zaidi. Pingamizi hili ni la kweli. Ni haja hiyo iliyoirudisha alama katika Eurogamer. Lakini likichunguzwa linadai sababu zaidi. Mwenye kibanda hafaidiki kwa kuambiwa 84. Anafaidika kwa kuambiwa kwamba mechi zinachelewa kuanza, kwamba mchezo unahitaji intaneti wakati wote, au kwamba wachezaji wawili hawawezi kutumia mashine moja. Kasoro ndogo kwa mhakiki wa London inaweza kuufanya mchezo usiwe na faida yoyote Runyenjes.

Pingamizi la pili ni kwamba maneno ya kibandani si uhakiki bali ni kelele. Ni ya upendeleo, ni ya papo kwa papo, na kwa sehemu kubwa ni ya wavulana, kwa kuwa wasichana wengi hawaingii humo au hawaruhusiwi na wazazi wao. Sehemu ya mwisho ya pingamizi hili ni nzito, na yeyote atakayetaka kujenga nadharia juu ya kibanda hana budi kuikabili: hadhira iliyoacha nusu ya vijana nje haiwezi kuitwa sauti ya jamii. Hata hivyo, upendeleo na upapo si sababu ya kuyatupa maneno hayo. Hadhira ya ngano nayo ina upendeleo, na hakuna mtaalamu wa fasihi simulizi anayeizuia kwa hilo. Kazi ya mhakiki ni kuyasikiliza, kuyapanga, kuyapima na kuyajibu.

Pingamizi la tatu linahusu ubora. Inadaiwa kwamba bila mizani moja ya dunia, kila mahali patajisifu. Kisa cha The Adventures of Nyangi kinafaa kuzingatiwa hapa. Mchezo huo, uliobuniwa na Mkenya Wesley Kirinya, ulitokea mwaka 2007 na ni miongoni mwa michezo ya awali ya sura tatu kutengenezwa Kenya. Mwaka 2015 ulifuatwa na Nairobi X wa Andrew Kaggia. Katika mizani inayoanza na ubora wa picha, kazi iliyotengenezwa na watu wachache haiwezi kushindana na ya kampuni yenye mamia ya wafanyakazi. Kuiongezea alama kwa huruma ni kuidharau, na kuipunguzia kwa umaskini wake ni kuhukumu bajeti. Kinachotakiwa ni kuuliza maswali ambayo yangeulizwa juu ya riwaya ya kwanza ya mwandishi yeyote: kazi inajaribu kufanya nini, inatumia nyenzo gani, mhusika wake anaitazama Afrika kutoka ndani au kutoka kwa mtalii, na imeshindwa wapi. Maswali hayo ni makali kuliko tarakimu, na yanampa mbunifu kitu cha kufanya kesho.

6. Hitimisho

Tangu Espen Aarseth achapishe Cybertext mwaka 1997, na jarida la Game Studies lianze mwaka 2001, wanazuoni wamebishana kama mchezo wa video uchunguzwe kwa kanuni za masimulizi au kwa kanuni za mchezo. Meru na Embu zinadokeza kwamba mabishano hayo yaliacha nje hadhira. Simulizi la Mbwaa ni simulizi na ni mchezo kwa wakati mmoja, na kinachoyaunganisha ni wasikilizaji wanaopima namna jaribu lilivyotatuliwa.

Makala haya hayapendekezi kufutwa kwa alama. Jaji wa drama hutoa alama, na mtegaji wa kitendawili hupokea mji. Yanapendekeza sharti moja: anayetoa alama atoe na sababu, na azitoe mahali ambapo anayehukumiwa na hadhira yake wanaweza kuzijibu. Alama isiyotimiza sharti hilo ni habari ya biashara, na ihesabiwe hivyo.

Kwa idara za fasihi, hasa zile za vyuo vikuu vya Embu, Chuka na Meru, ambavyo vimezungukwa na vibanda hivi, kazi ya kufanya iko karibu. Wanafunzi wa uzamili wamefunzwa kuwarekodi wazee wakisimulia. Wanaweza kuwarekodi pia vijana wakibishana juu ya bao, katika lugha wanazobishania, na kuuliza nani hayumo chumbani na kwa nini. Nyenzo hiyo haihifadhiwi popote, na kila kibanda kinapofungwa hupotea. Wastani wa Metacritic utabaki mtandaoni. Sababu walizokuwa nazo wachezaji wa Nkubu za kuupenda mchezo mmoja na kuukataa mwingine hazitabaki, ila zikiandikwa.